Kutoka Nyarugusu hadi Bujora: safari ya siku moja na rejesta tusiyokuwa nayo

Ukiwa Dar es Salaam ukasema kwamba kwenu ni Nyarugusu, wengi watakuuliza habari za kambi ya wakimbizi. Unaanza kueleza kwamba hiyo iko Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, na kwamba Nyarugusu yetu ni ya Geita, ya dhahabu. Nimetoa maelezo hayo zaidi ya miaka ishirini, kazini, kwenye misiba na kwenye harusi. Mimi ni mhasibu, na kwa kazi yangu najua kinachotokea akaunti mbili zikiwa na jina moja: ile yenye nyaraka ndiyo inayoonekana. Wenzetu wa kambini wameandikwa kwenye ripoti, magazeti na vitabu. Sisi tumechimba tu.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Agosti mwaka huu, wanachama ishirini na sita wa chama chetu tulipanda Coaster saa kumi na moja alfajiri kwenda kutazama wenzetu wanavyotunza ya kwao. Safari yenyewe ilikuwa Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza ukielekea Musoma. Nilipoombwa na kamati niandike ukurasa wa historia kwa kijitabu cha mwaka huu, niliona ni bora niandike kuhusu safari hiyo na mambo yaliyonirudisha nyumbani kwa mawazo.

Jambo la kwanza ni daraja. Wenye umri wangu mnakumbuka Busisi ilivyokuwa: foleni ya malori, samaki wa kukaanga, kivuko kilichoko ng'ambo nawe uko huku, na jua linapanda. Kwenda Mwanza na kurudi Nyarugusu siku hiyohiyo kulikuwa ni kujidanganya. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa unavuka kabla hujamaliza kumenya ndizi. Ndani ya gari watu walinyamaza. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliashiria ufukweni akasema kwamba pale aliwahi kulala na mgonjwa wake kwenye foleni, usiku mzima. Hakusema zaidi, wala hatukumuuliza.

Ukishavuka tu unaingia upande wa Bukumbi. Tulisimama kwa muda mfupi, nami nawashauri mnaopita njia hiyo msimame pia. Mapadri wa White Fathers walianzisha misheni hapa mwaka 1883, ikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika kanda yetu ya ziwa. Miaka mitano baadaye Kabaka Mwanga wa Buganda alipopinduliwa, mfalme yule aliyeogopwa na nchi nzima alivuka ziwa akiwa mkimbizi na mwisho akapokelewa na mapadri hapo Bukumbi, kabla ya kurudi kupigania kiti chake. Wengi tumepita Kigongo mara mia moja tukiwaza tu kama tutawahi basi la Mwanza. Kumbe tulikuwa tunapita kando ya mahali ambapo kabaka aliomba hifadhi.

Mjini Mwanza hatukukaa. Saa nne asubuhi tulikuwa Bujora, juu ya kilima cha mawe.

Kwa wasiowahi kufika: Makumbusho ya Wasukuma si jengo moja. Ni majengo kadhaa yaliyotawanyika kwenye kilima, na kila jengo lina umbo lenye maana. Kanisa ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma. Jumba la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi na vitu vingine vya utawala wa jadi. Kuna jumba la vyama vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilivyoanzishwa karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao ushindani wao bado unachezwa kila Juni katika sherehe za Bulabo. Kuna boma la familia, nyumba ya mganga na nyumba ya mhunzi.

Aliyeanzisha yote haya ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Lakini msimwone peke yake. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi na kikundi cha waumini, waimbaji na wachezaji wa ngoma, walioitwa Bana Sesilia, na hao ndio waliojua nani ana ngoma gani, nani anajua wimbo gani, na mzee gani aombwe kwa namna ipi. Wakati huo watemi walikuwa bado wako madarakani. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu nchini. Fikirini kama kazi ile ingeanza mwaka 1970. Ngoma zingekuwa zimeliwa na mchwa, zimeuzwa kwa watalii, au zimekatwa vipande na warithi waliokosa kuelewana.

Hapa niseme ukweli wangu: nilikwenda Bujora nikitarajia kupendezwa na ngoma. Kilichonikamata ni hesabu. Katika maonyesho yao kuna pipa linalozungushwa, na juu yake zimeandikwa namna mbalimbali ambazo Wasukuma walihesabu kuanzia moja hadi kumi. Si namna moja. Makundi ya rika yalikuwa na hesabu zao wenyewe, kama lugha ya siri, na aliyejua hesabu za kundi alijulikana kuwa ni wa kundi. Nimesoma uhasibu chuo kikuu, nimefanya mitihani ya bodi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba bibi yangu alikuwa na mfumo wa namba ambao babu yangu huenda hakuuelewa. Nilizungusha pipa lile hadi kijana aliyekuwa akituongoza akaniuliza kwa adabu kama kuna tatizo.

Kisha tukafika nyumba ya mhunzi.

Tulikuwa na mzee mmoja wetu, mwenye miaka themanini na ushee, ambaye sitamtaja jina kwa sababu hakupenda. Kutwa alikuwa amechoka, anafuata nyuma na fimbo yake. Pale kwa mhunzi akaingia wa kwanza. Aliangalia majembe ya zamani, akagusa mivukuto, akasema kwa sauti ya chini, "Haya ni mambo ya Warongo. Haya ni ya kwetu." Kijana wa makumbusho akamsogelea, akamwita guku, akamwomba aeleze. Mzee akaeleza: udongo wa tanuru ulichaguliwaje, mkaa ulitoka mti gani, nani hakuruhusiwa kukaribia chuma kikiwa kinayeyushwa, na kwa nini. Kijana akatoa daftari, akaandika. Sisi wengine, watu ishirini na tano wenye simu ishirini na tano, tulikuwa tunapiga picha za paa.

Mzee alikuwa sahihi. Warongo walikuwa wayeyushaji na wafua chuma wa Uzinza, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni mkoa wetu wa Geita. Majembe yao yalisafiri mbali, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, yakatumika kuolea. Ina maana kwamba kabla mtu yeyote hajaulizia dhahabu, ardhi yetu ilikuwa tayari inajulikana kwa madini, na madini hayo yalichimbwa, yakayeyushwa na kuuzwa na watu wa hapahapa, bila leseni ya mtu wala mtaji wa nje. Nyarugusu ya leo, yenye karasha, mialo na plenti za kuchenjulia, huwa tunaieleza kana kwamba ilianza na rashi ya dhahabu ya miaka ya karibuni. Historia yetu ya kuchimba ni ndefu kuliko hiyo, ila hatuna mahali palipoandikwa hivyo kwa mkono wetu.

Walioandika ni wageni. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alipita Uzinza, akaugua, akakwama kwa miezi. Mtawala mmoja, Lumeresi, alimzuia akidai hongo na kitambaa cha thamani, na Speke akamlalamikia ukurasa baada ya ukurasa. Ndivyo Lumeresi alivyobaki duniani: kama kero katika kitabu cha mgeni. Ningependa sana kujua Lumeresi naye aliwaambia nini wazee wake usiku ule kuhusu yule mzungu mgonjwa mwenye bunduki anayepita nchini kwake bila kutaka kulipa. Hakuna aliyeandika.

Jambo hilo linaonekana hata katika nyumba zinazotunzwa. Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Lilibomoka kama matembe yote yanavyobomoka, likajengwa upya, leo ni makumbusho, na wageni wanaandika majina kwenye kitabu. Kwihara yote ilikuwa na matembe. Lililookolewa ni lile ambalo wapangaji wake waliandika shajara. Sisemi lisingepaswa kuokolewa. Nimefika, ni jengo zuri lenye kivuli kizuri. Nasema tu kwamba jengo hufuata karatasi.

Butiama ni vivyo hivyo. Miaka miwili iliyopita kazi ilinipeleka Musoma, nikapata nusu siku ya kupita kwa Mwalimu. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki, tarehe 14 Oktoba, London. Nyumba aliyojengewa na jeshi alikaa muda mfupi mno. Kinachokushika pale ni vitabu vyake, zawadi alizopewa, picha, na kaburi. Mtu mmoja, familia moja, na taifa zima linagharamia. Nyarugusu haina mtu wa kugharamiwa na taifa, na hatupaswi kusubiri apatikane.

Turudi kwetu. Nimejaribu kuandika orodha ya yale ambayo mtoto wa shule ya sekondari Nyarugusu angepaswa kuonyeshwa, na orodha ikawa ndefu kuliko nilivyodhani.

Wajerumani walitambua dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi mkubwa wa Geita wa zama za Waingereza ulizalisha kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, ukiwa mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu Afrika Mashariki. Baba na babu zetu walishuka humo. Nifanye hesabu ndogo: kijana aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 mwaka mgodi ulipofungwa, leo ana miaka 79. Wangapi wamebaki katika vijiji vyetu? Mimi nawajua wawili. Kila mmoja anajua bei ya posho, jina la nyapara, wimbo uliokuwa ukiimbwa zamu ikipanda, na ajali ambazo hazikuandikwa gazetini.

Kuna pamba. Kabla mchanga haujawa mali, pamba ndiyo ilikuwa mali, na chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichoanzishwa mwaka 1955, wakulima wa kanda hii walijiendeshea biashara kubwa kuliko nyingi zilizofuata. Stakabadhi za pamba za miaka ile bado zipo kwenye masanduku ya bati ya bibi zetu. Nimeiona moja. Imekunjwa mara nne na panya ameanza kona.

Kuna mwaka 1958. Hili huwa nashangaa kwamba halisimuliwi. Serikali ya kikoloni ilichagua Geita iwe wilaya ya mfano kwa baraza la mseto wa rangi, na watu wa Geita wakakataa. Umati ukavuka kwenda Mwanza kupeleka malalamiko, ukakaa huko, na ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Wakati huo TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi katika sehemu zetu. Ilikuwa miongoni mwa misukosuko mikubwa ya miaka ya mwisho kabla ya uhuru, na ilianza kwetu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule leo ana 82.

Kisha zama zetu wenyewe. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na kila aliyekuwa na moko na karai akawa mchimbaji. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa. Januari 2017, watu 15 walipofukiwa mgodini hapahapa Nyarugusu na nchi nzima ikakesha ikisubiri, hadi walipotolewa wote wakiwa hai. Machi 2019, soko la kwanza la madini nchini lilipofunguliwa Geita. Nani kati yetu ametunza hata kofia moja ya chuma ya Januari ile? Mizani za zamani za kupimia dhahabu ziko wapi? Taa za karabai walizoshuka nazo maduarani kabla ya tochi za kichwani? Nyingi zimeuzwa chuma chakavu, kwa kilo.

Ninajua pingamizi, kwa sababu nilikuwepo mkutanoni lilipotolewa. Zahanati inahitaji kitanda cha kujifungulia. Madawati hayatoshi. Barabara ikinyesha bodaboda haziendi. Mjumbe mmoja alisimama akauliza kama mama mwenye uchungu atajifungulia juu ya jembe la Mrongo, na ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Sina jibu la kumshinda, na kama fedha ingekuwa moja tu ningeiweka kwenye kitanda. Lakini nilipokaa na vitabu vya chama nikaona kwamba kinachoombwa si jumba. Ni vinasa sauti viwili, kabati la chuma lenye kufuli, daftari kubwa la rejesta, kamera ya kawaida, nauli za vijana wawili waliomaliza kidato cha sita, na chumba kimoja ambacho shule imekubali kutuazima. Kifungu hicho kimeandikwa kwenye makadirio yaliyoko mwishoni mwa kijitabu hiki kwa jina la "Kumbukumbu za Mji", na ni kidogo kuliko tulichotumia kwa mahema na muziki siku ya harambee ya mwaka jana. Namba hizo nilizikagua mwenyewe.

Mimi ningepinga tukianza na jengo. Bujora penyewe, ambapo majengo ni mazuri, ukiuliza utaambiwa kwamba paa la nyasi halisubiri mfadhili. Linataka kuezekwa tena na tena, na mlinzi anataka mshahara kila mwezi. Jengo ni gharama ya kila mwaka hadi mwisho wa dunia. Rejesta ni gharama ya mara moja na wino. Tukiwa na rejesta yenye vitu mia mbili, kila kimoja na jina la mwenye nacho, kimetoka wapi, kilitumikaje na picha yake, kitu chenyewe kinaweza kubaki nyumbani kwa mwenyewe. Siku tukipata jengo, tutajua la kuweka ndani.

Nimalize habari ya mzee wetu. Tukirudi jioni nilikwenda kukaa naye kiti cha mbele, nikamwomba arudie yale ya tanuru, nami nikarekodi kwa simu kutoka Usagara hadi karibu na Sengerema. Nilipofika nyumbani nikasikiliza: injini, honi, watu wanacheka nyuma, na sauti yake kwa mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Maneno ya Kirongo aliyoyataja, majina ya sehemu za tanuru, sikuweza kuyapata hata moja. Septemba nikarudi Nyarugusu kwa ajili hiyo tu. Nilimkuta ameugua, amelala. Nikamwamkia, akanikumbuka, tukazungumza karibu nusu saa. Alinitajia majina matano na maelezo ya mawili. Akasema mengine nimwache kwanza apumzike, nije baada ya mvua za vuli kuanza.

Vijana wawili wa kidato cha sita tayari tumewapata, na ratiba ya kwanza ni nyumbani kwake. Nyinyi mtakaokuja mkutano mkuu wa Desemba, pekueni masanduku kabla hamjatoka: stakabadhi ya pamba, kadi ya chama, picha ya zamu ya mgodini, leseni ya zamani, chochote. Picha msiiandike kwa kalamu ya wino, wino hupenya mbele. Tumieni penseli, nyuma, jina la kila mtu mnayemtambua kuanzia kushoto. Meza yangu itakuwa karibu na mlango, pembeni ya wanaopokea michango, na kila kitu kitaandikwa, kitapigwa picha na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe siku hiyohiyo.